Mstari mmoja katikati ya hesabu za chama, na mweka hazina anaitwa mwizi

Mali bila daftari hupotea bila habari. Ni vigumu kupata mweka hazina wa chama ambaye hajawahi kutupiwa maneno haya, mara nyingi na mtu ambaye mwenyewe hajalipa mwezi huu. Methali ni ya kweli. Ila siku hizi daftari la vyama vingi limehamia kwenye simu, limo ndani ya Google Sheets ama Excel, na huko kuna namna ya pesa kupotea ambayo wazee hawakuiona: malipo yameandikwa, tarehe iko, jina liko, kiasi kiko, kila mtu anakiona kwa macho yake, na bado salio la chini halijayahesabu.

Naandika nikifikiria vyama vya upande wetu huu. Wakina mama wanaouza mboga na nyanya Chwele. Vijana wa bodaboda kwenye stage za barabara ya Bungoma. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii wanaochanga kidogo kidogo ili mmoja wao asikwame akikosa kodi ya nyumba. Wakulima wa Kitale wanaoweka pesa mapema ili mvua za Machi zikifika wawe na mbegu na mbolea. Wote hawa wanachanga, wanakopeshana na kulipana kwa simu, na miamala inaingia saa zote, asubuhi na usiku. Mweka hazina naye ana kazi yake. Anaandika akipata nafasi, kisha baadaye anagundua kuna muamala wa siku tatu nyuma alioruka. Anafanya ambacho mtu yeyote angefanya: anaingiza mstari katikati, mahali ambapo tarehe yake inastahili.

Hapo ndipo shida huanzia, na nitasema wazi ninavyoona. Ile fomula ya salio ambayo karibu kila mtu hufundishwa kwanza haifai kwa hesabu za chama. Inamfaa mtu anayeandika akielekea chini tu bila kurudi nyuma. Chama hakiendi hivyo. Katika chama kuna aliyetuma kwa laini ya katibu, kuna muamala uliorudishwa, kuna makato ya kutuma yaliyosahaulika. Kila moja ya hizo itataka mstari wake katikati, leo ama kesho.

Tuchukue mfano mdogo. Lahajedwali ina safu tano: A ni tarehe, B ni maelezo, C ni pesa iliyoingia, D ni pesa iliyotoka, E ni salio. Mstari wa 1 ni vichwa. Mstari wa 2 ni salio la mwezi uliopita, shilingi 12,000, limeandikwa kwenye C2, na E2 inalisoma vilevile. Tarehe 4 Machi wanachama wawili wanatuma 500 kila mmoja. Hiyo ni mistari ya 3 na 4. Tarehe 5 mtu anakopeshwa 3,000, mstari wa 5. Tarehe 6 inaingia 500 nyingine, mstari wa 6. Tarehe 7 inaingia 1,000, mstari wa 7. Makato ya kutuma tuyaache kando kwanza.

Kwenye E3 mweka hazina ameandika =E2+C3-D3, yaani chukua salio lililo juu yangu, ongeza kilichoingia, toa kilichotoka. Kisha ameivuta fomula hiyo mpaka chini. Salio linasoma 12,500, halafu 13,000, halafu 10,000, halafu 10,500, na mwisho 11,500. Mpaka hapo hakuna kosa.

Sasa jioni ya tarehe 8 anakumbuka kwamba tarehe 5 hiyo hiyo chama kilitoa 2,200 za matanga. Meseji iko. Anabonyeza nambari 6 pembeni ya mstari, anashikilia kidogo mpaka orodha itokee, anaingiza mstari mpya juu yake, anaandika tarehe, anaandika "mchango wa matanga", anaweka 2,200 kwenye safu ya D. Kisanduku cha salio ni kitupu, kwa hivyo ananakili fomula ya mstari wa 5 na kuibandika hapo. Inasoma 7,800. Ni sawa kabisa, 10,000 toa 2,200 ni 7,800. Anafunga simu, anaenda kulala.

Angeshuka mstari mmoja tu angeona ajabu. Mstari wa 7, ambao kabla ya hapo ulikuwa wa 6, bado unasema 10,500. Wa mwisho bado unasema 11,500. Yaani matanga yameandikwa, lakini salio limeyaruka kama mtu anavyoruka tope barabarani. Simu ya chama ina 9,300. Kitabu kinasema 11,500. Kwenye mkutano wa Jumapili swali litakuwa moja tu: 2,200 ziko wapi?

Na jibu la mweka hazina litasikika kama la mwizi. "Ziko hapa, si mnaziona zimeandikwa?" Watu wataangalia, wataona zimeandikwa, kisha wataangalia chini waone salio ambalo halifanani na simu. Nani ataelewa? Vyama havivunjiki kwa sababu ya 2,200. Vinavunjika kwa sababu ya mnong'ono wa wiki tatu baada ya mkutano kama huo.

Kilichotokea ni hiki, na programu yenyewe haijakosea. Fomula ya tarehe 6 haikuwahi kusema "salio lililo juu yangu". Hayo ni maneno yetu sisi. Yenyewe ilisema "E5". Ulipoingiza mstari, kisanduku cha tarehe 6 kilisukumwa chini kikawa E7, na fomula yake ikajirekebisha kidogo: ikawa =E5+C7-D7. C na D zimesogea kwa sababu nazo zilisukumwa. E5 haikusogea popote, kwa hivyo fomula inaendelea kuitazama E5 ile ile, na mstari mpya ulio katikati unabaki kama mgeni aliyekaa bila kusalimiwa. Tena hakuna alama nyekundu wala onyo la maana. Hilo ndilo linanikera zaidi. Ukifuta mstari kwenye fomula ya namna hii utaona #REF! imejaa safu nzima mpaka chini, na angalau hapo unajua umeharibu. Ukiingiza, kimya.

Wapo wanaosema dawa ni kukumbuka tu: ukishaingiza mstari, nakili fomula ya juu uibandike kwenye mstari mpya na kwenye mistari yote iliyo chini yake mpaka mwisho. Ni kweli inafanya kazi. E7 itaanza kusoma E6, na salio la mwisho litashuka mpaka 9,300. Kwa kompyuta ni kazi ya sekunde chache. Lakini mimi siamini dawa inayotegemea mtu kukumbuka, hasa mtu anayefanya hesabu saa nne usiku kwenye simu yenye kioo kilichopasuka na betri asilimia sita. Afadhali fomula ambayo ukisahau, haikuumizi.

Fomula hiyo ipo, na si ngumu. Kwenye E2 andika =SUM(C$1:C2)-SUM(D$1:D2), kisha ivute chini. Maana yake kwa lugha ya nyumbani: jumlisha kila kilichoingia tangu juu kabisa mpaka mstari huu, toa kila kilichotoka tangu juu kabisa mpaka mstari huu. Ile alama ya dola haihusiani na pesa za Marekani. Inafunga nambari 1 ili ukivuta fomula chini isigeuke kuwa 2, 3, 4. Tumeanzia mstari wa 1 wenye vichwa makusudi. SUM haijali maneno, inayapita tu, na ukiingiza siku moja mstari chini ya vichwa kabisa nao utakuwa ndani.

Rudia mfano wetu kwa fomula hii. Ukiingiza matanga kwenye mstari wa 6, kila fomula iliyo chini inapanuka yenyewe, kwa sababu mstari mpya umeingia katikati ya eneo ambalo tayari inalijumlisha. Ile ya mstari wa 7 inasoma kuanzia C1 mpaka C7, na D1 mpaka D7, na 2,200 zimo. Salio la mwisho linashuka hadi 9,300 saa ile ile unapoandika, hata kabla hujabandika fomula kwenye E6. Ukisahau kuibandika utabaki na kisanduku kimoja kitupu kwenye safu ya salio. Ni sura mbaya, si hesabu mbaya. Na ukifuta mstari ulioandikwa mara mbili, hakuna #REF! itakayotokea.

Mtu wa kompyuta ataniambia fomula hii ni nzito ukiwa na mistari elfu nyingi, kwa sababu kila kisanduku kinajumlisha upya kutoka juu. Ni kweli. Lakini chama cha watu ishirini kinachofungua ukurasa mpya kila mwaka hakitafika huko.

Jumla za chini nazo zina mtego wao. Wengi huweka jumla mara tu orodha inapoishia, kwa mfano =SUM(C2:C8) kwenye mstari wa 9. Mtu wa nane akilipa, anaingizwa mstari juu ya jumla, na mara nyingi hapo fomula inabaki C2:C8 huku malipo yakiwa kwenye C9. Mstari ulioingizwa katikati ya eneo huhesabiwa. Ulioingizwa ukingoni huenda usihesabiwe. Mimi huwaambia watu waondoe jumla pale chini kabisa. Iweke pembeni, tuseme kwenye G1: =SUM(C1:C1000), na G2 ya safu ya D vivyo hivyo. Chini kunabaki wazi, unaandika unavyotaka. Kisha kwenye G3 weka =G1-G2. Hiyo G3 ni shahidi wa pili. Isipolingana na salio la mwisho la safu ya E, kuna kitu kimekatika katikati, na umejua kabla ya mkutano.

Kuna pia wale wanaojumlisha kwa kuandika =C2+C3+C4+C5, kimoja kimoja. Hiyo haipanuki hata siku moja. Waache leo.

Usidhani haya ni mambo ya watu ambao hawakusoma. Mwaka 2010 Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, maprofesa wakubwa wa uchumi, walitoa utafiti kuhusu madeni ya nchi na ukuaji wa uchumi ambao wanasiasa wa Ulaya na Marekani waliutaja sana walipotetea kubana matumizi ya serikali. Mwaka 2013 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, Thomas Herndon, alipewa faili yao ya Excel akaifungua. Fomula ya wastani ilikuwa imeishia mstari wa 44 badala ya 49. Nchi tano zilikuwa zimeandikwa pale pale chini, Australia, Austria, Ubelgiji, Kanada na Denmark, na hazikuhesabiwa. Haikuwa kasoro pekee aliyoiona, na wenyewe walikubali kwamba hiyo ya Excel ilikuwa kosa. Hakuna aliyewaita wezi. Mama wa Chwele anayeruka mstari mmoja anaitwa mwizi, na faili yake haifunguliwi na mtu yeyote.

Hiyo ndiyo sehemu ninayotaka wanachama wasome, si waweka hazina peke yao. Kama hesabu haifanani na simu, ombeni kuona fomula kabla ya kuomba mtu ajiuzulu. Tena kuna dalili. Tofauti ikiwa sawasawa na kiasi kimoja kilichomo kwenye orodha, kama 2,200 zetu, karibu kila mara ni mstari uliorukwa ama ulioandikwa mara mbili. Ikiwa ni mara mbili ya kiasi fulani, angalia kama pesa iliyotoka imeandikwa upande wa iliyoingia. Ikiwa inagawanyika kwa 9 bila kubaki kitu, kuna uwezekano tarakimu mbili zimepishana, mtu ameandika 540 badala ya 450. Mwizi huwa hachagui viasi kwa uangalifu namna hiyo.

Na simu yenyewe ndiyo mahali pa kulinganisha. Meseji ya kila muamala inakuja na nambari yake ya kipekee na salio lililobaki baada ya muamala huo. Taarifa ya miamala ya kipindi kizima unaweza kuiomba, na humo kila muamala umepangwa kwa wakati wake, salio linafuatana bila kurukwa. Kwa hivyo ongeza safu moja kwenye lahajedwali kwa ajili ya hiyo nambari ya muamala. Ukilinganisha, unatafuta nambari, hutegemei majina. Kuna wakina Wafula wangapi kwenye chama kimoja? Makato ya kutuma yape mstari wao ama safu yao, vinginevyo kitabu na simu havitakutana hata fomula ikiwa nzuri namna gani. Na kama pesa za chama zinakaa kwenye laini ambayo mweka hazina ananunulia sukari na kulipia fundi, hakuna fomula itakayomsaidia. Chama kiwe na laini yake.

Neno moja hapa ambalo ni lazima tuliseme: kulinganisha hesabu hakuhitaji PIN. Mwanachama hahitaji PIN ya mweka hazina ili akague, na sisi hatutakupigia kuomba PIN ili "tukusaidie kurekebisha hesabu". Anayepiga hivyo ni tapeli, kata simu.

Sasa, je, ni sawa kuingiza mstari katikati hata kama fomula ni salama? Hapa nina msimamo ambao baadhi ya waweka hazina hawaupendi. Kama mwezi bado haujasomwa mbele ya wanachama, ingiza mahali pake bila wasiwasi. Lakini mwezi ukishasomwa mkutanoni na picha ya ukurasa ikatumwa kwenye kikundi cha WhatsApp, usiuguse tena. Mtu ana picha inayosema mwisho wa Machi tulikuwa na 11,500. Ukiingiza mstari ndani ya Machi wakati tayari ni Aprili, ukurasa wako utasema 9,300, na picha yake itasema 11,500, na hata kama wewe ndiye uko sahihi utaonekana umechezea kitabu usiku. Andika malipo hayo chini, kwenye mwezi ulio wazi, tarehe ya leo, na kwenye maelezo uandike: "matanga ya 5 Machi, hayakuandikwa Machi", pamoja na nambari ya muamala. Wahasibu wa vitabu vya karatasi walifanya hivyo kwa sababu karatasi haina nafasi ya kuingiza kitu katikati. Walilazimishwa na karatasi, lakini walipata kitabu ambacho kilichosomwa jana hakibadiliki leo.

Ndiyo maana nawaelewa wanaosema turudi tu kwa daftari la karatasi. Lina uaminifu fulani ambao lahajedwali haina. Lakini daftari likilowa ama likipotea limeenda, na mwanachama aliye Nairobi hawezi kulisoma. Lahajedwali ana uwezo wa kuifungua akiwa kwenye matatu, mradi amepewa ruhusa ya kuangalia tu na si ya kuandika. Hilo la ruhusa liangalieni leo. Vyama vingine kila mtu ana uwezo wa kuandika, halafu wanashangaa nani aliingiza mstari.

Kama hujui fomula ya chama chako ni ya aina gani, kuna kipimo cha dakika moja. Tengeneza nakala ya faili kwanza. Kwenye nakala hiyo ingiza mstari popote katikati, andika 1 kwenye safu ya pesa iliyotoka, usibandike fomula yoyote, kisha shuka mpaka salio la mwisho kabisa. Likipungua kwa shilingi moja, kitabu chenu kiko salama upande huu. Lisipopungua, badilisha fomula kabla ya mkutano ujao, halafu upitie mistari yote ya miezi iliyopita ukitafuta ile ambayo salio la chini yake halikuihesabu.